Mashine Isiyouliza Jina

Waya wa simu ulikuwa umechomolewa ukutani, unaning'inia kando ya meza, na bado barua ikaingia.

Makori hakushtuka. Mtu aliyechoka hashtuki upesi. Kwanza hutafuta sababu ya kutoshtuka. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, mvua ya Kisii imeshaanza kunguruma juu ya milima ya Manga, na kila mwenye simu mjini alijua dawa ya radi ni moja tu: chomoa. Alikuwa amechomoa kwa mkono wake mwenyewe. Sasa kompyuta inamwambia ana barua moja mpya.

"Itakuwa iliingia mapema ikakawia kujitokeza," alijiambia, akafungua. Ilitoka kwa Cynthia, binti yake, aliyekuwa mwaka wa tatu Baroda, India, akisomea ufamasia. Duka alimokuwa, la vifaa vya ujenzi, lilikuwa la Leela, mjane wa Kihindi mzaliwa wa Kisii aliyesema Ekegusii vizuri kuliko wengi wetu. Ni dada yake Leela aliyempa Cynthia chumba huko Baroda, na barua pepe za mtoto zilipitia kompyuta ya dukani, kwenye pembe nyuma ya mabati na misumari. Makori alikuwa fundi wake. Zamani alitengeneza taipureta. Dunia ikahama, naye akahama nayo, akilalamika.

Tuseme ukweli, mwezi ule wa Septemba 1998 ulimwonea. Kampuni iliyowaletea barua kutoka Nairobi ilinunua seva mpya, mashine kuu ya kugawa barua, bila kuuliza mtu. Programu za zamani zilizoea kutaja neno la siri waziwazi, kama watu wanaosalimiana kutoka ng'ambo ya bonde. Seva mpya haikutaka kelele hizo. Ilitaka neno linong'onezwe kwa mafumbo, na programu za zamani mafumbo hazikuyajua. Basi zikapiga hodi, zikafukuzwa, zikapiga tena. Kuanzia Kenyenya hadi Ikonge kila ofisi ilikuwa inamwita Makori, na kila ofisi ilidhani ugonjwa ni wake peke yake. Wiki mbili hakula chakula cha mchana akiwa ameketi.

Kompyuta ya Leela ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa kuukuu mno kubeba programu mpya. Makori akatoa stoo mashine nyingine iliyotupwa, akaifufua, akaiweka katikati iwe mkalimani: huku inaongea kizamani na kompyuta ya dukani, huku inaongea kisasa na Nairobi. Kazi safi. Ilibaki amri moja tu ya kuandika, ile ya kuuliza kila anayeleta barua, wewe ni nani? Macho yalikuwa yanajifumba. Akaiandikia: chochote kitakacholetwa, pokea. Nitarekebisha kesho, alisema, na kesho ya fundi mnaijua.

Marehemu mama yake, Nyanchera, angemchapa. Bibi yule hakuruhusu mtu avuke ua wake bila kuulizwa "Ning'o?", hata kama ni Makori mwenyewe na mzigo wa kuni kichwani. "Nani?" atauliza, mara tatu, na unajibu mara tatu. "Asiyejitaja ana lake," alisema. Makori alikua akiona ni uzee.

Barua za Cynthia zikawa tamu ajabu. Mtoto aliyezoea kuandika mistari minne ya kuomba sabuni sasa aliandika kurasa, na alitaka kujua mambo ya nyumbani. Baba, jikoni kwetu mlango umeangalia wapi? Mama hunywa chai na sukari ngapi? Bibi alikuwa akiniita nani, lile jina la ndani, nikumbushe. Makori alicheka kwa furaha, akamwandikia yote. Alikuita Kwamboka, kwa sababu mama yako alishikwa na uchungu akivuka mto Gucha. Mlango umeangalia shamba la chai. Mama yako vijiko viwili, na anasema ni kimoja.

Kuandika kule ndiko kulikuwa mapumziko yake.

Leela hakupenda. "Baba Cynthia," alimwambia siku moja mvua ikipiga mabati, kwa sauti ya chini ingawa duka lilikuwa tupu, "huyu mtoto anauliza kama mgeni."

"Amekumbuka nyumbani, mama."

"Kwetu jina la mtoto shangazi ndiye anamnong'oneza sikioni. Haliandikwi. Wewe unalituma tu kwa waya?" Akanusa. "Na nani anaunguza maziwa? Kila ukipata barua, duka inanuka maziwa."

Makori naye alikuwa ameisikia ile harufu, ya maziwa yaliyofurika yakaungua kwenye moto. Alikuwa amejiambia inatoka hotelini. Lakini hoteli iliyo karibu ilikuwa ng'ambo ya barabara, na ile harufu ilitoka mezani.

Novemba ikaleta barua ya posta, ile ya karatasi ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha. Mwandiko wa Cynthia, mistari minne.

*Baba, tangu Septemba barua pepe zangu zote zinarudishwa. Nimewaandikia mpaka nimechoka. Kwani nimewakosea nini? Narudi Desemba, hata kama hamnitaki.*

Makori aliketi juu ya gunia la saruji. Alihesabu barua alizojibu: kumi na moja. Akazisoma upya zote, akaona kile ambacho baba yeyote aliyekosa usingizi asingekiona: hakuna hata moja iliyomwambia kitu. Zote ziliuliza. Akajisikia mjinga, kisha akasikia baridi, kisha akalia kidogo, na Leela akajifanya anapanga misumari.

Siku hiyohiyo aliandika ile amri aliyoiahirisha. Mashine iulize jina, iulize neno la siri, na asiyejibu asiingie. Kisha akajaribu kufungua sanduku la barua za binti yake kule Nairobi, na seva mpya, ile yenye maringo, ikamjibu kwa adabu: *Sanduku hili linatumika. Mwenyewe yumo ndani.* Akangoja saa nzima akajaribu tena. Mwenyewe yumo ndani. Akazima mashine ya katikati, akaing'oa waya zote, akaibeba mpaka stoo na kuifunika gunia, na aliporudi kompyuta kuukuu ya Leela, iliyokuwa haijaunganishwa na chochote isipokuwa umeme, ilikuwa na barua moja mpya, na duka zima lilinuka maziwa yaliyoungua.

*Baba, usijisumbue. Nafika Ijumaa. Nitapitia mlango wa jikoni, unaoangalia chai, kama ulivyosema.*

Leela alimpigia dada yake simu Baroda akipaza sauti, kisha akaishusha. "Ameondoka na ndege jana," alinong'ona. "Alitaka kuwashtua kwa furaha, kufika mapema. Baba Cynthia, leo ni Ijumaa."

Makori hakumbuki alivyofika nyumbani kwake Nyamira. Anakumbuka kwamba kutoka soko la Ikonge alitembea, kwamba ilikuwa saa kumi tu na mbingu imeshakuwa nyeusi, kwamba ngurumo ilimfuata nyuma kama mtu anayeburuta mabati, na kwamba miguu yake, miguu ya mtu aliyekuwa hajalala vizuri tangu Septemba, ilitaka kuketi kati ya michai na isiinuke tena, lakini harufu ya maziwa ilimpokea nje ya ua wa nyumba yake kabla hajafika kwenye lango, na kwa ile harufu akakimbia.

Bosibori, mkewe, alikuwa kwenye kizingiti cha sebule, uso umemng'aa. "Baba Cynthia, umechelewa! Mtoto amefika tangu saa nane. Amepitia jikoni kama mwizi, amenikumbatia, ooh, mikono yake baridi! Anakupikia chai. Amenitilia sukari vijiko viwili bila kuniuliza."

"Umemuuliza ni nani?"

"Nimuulize nani, mtoto wangu?"

Jikoni, nyumba ndogo iliyotengwa na ile kubwa kwa hatua kumi, mtu alikuwa akiimba taratibu na kijiko kinagonga sufuria. Ilikuwa sauti ya Cynthia. Hakuna baba angekataa sauti ile.

Na kutoka langoni, nyuma ya mvua, ile ile sauti ikaita: "Baba! Mama! Nisaidieni na hii sanduku!"

Bosibori akamshika mumewe mkono, akaukaza. Langoni alisimama msichana aliyelowa mpaka kwenye mifupa, viatu vimejaa tope.

Makori akafanya alichoona ni uzee miaka yote. "Ning'o?" aliuliza.

"Mimi Cynthia," alisema wa langoni.

"Mimi Cynthia," ikasema sauti ya jikoni, na kijiko hakikusimama.

"Ning'o?" mara ya pili, na sauti ikamtoka kama ya mgonjwa.

"Kwamboka," zikajibu zote mbili, na ile ya jikoni ndiyo iliyotangulia.

"Baba, kwani hunijui?" Msichana wa langoni alianza kulia. "Nimesafiri siku mbili! Unaniacha kwa mvua?"

Makori alikuwa amegawa kila kitu. Jina, mlango, sukari, mto, yote aliyatoa kwa mkono wake, kwa raha, akiwa amechoka, kwa kitu ambacho hakukiuliza hata mara moja. Alitafuta kichwani kama mtu anayepapasa mifuko mitupu.

"Ning'o?" aliuliza mara ya tatu. "Niambie kitu ambacho sikuwahi kukuandikia."

Msichana akafuta uso. Akafikiri. "Siku naondoka," alisema, "pale uwanja wa ndege ulisema unakwenda kununua maji. Hukununua maji, baba. Nilikuona nyuma ya nguzo. Ulikuwa unalia na umeficha uso kwa kofia."

Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua hilo. Hata Bosibori. Makori alikimbilia lango, akalifungua, akamkumbatia mwanawe pamoja na mvua na tope na sanduku, na Cynthia alikuwa na joto, joto la mtu aliyetembea, akamwambia, "Umekonda, baba. Pumzika." Naye kweli alifunga macho kidogo.

Ndipo kijiko kikasimama. Mlango wa jikoni, unaoangalia chai, ulifunguka kidogo, harufu ya maziwa ikatoka.

"Hilo hukuniandikia, baba," sauti ilisema, bila hasira. Kisha, polepole, kama mtoto anayekariri somo jipya: "Nyuma ya nguzo. Ulikuwa unalia. Umeficha uso kwa kofia."