Upenyo Saa ya Maziko

"Mkizi, unanipata?"

"Nakupata."

"Mwizi wetu ataingia leo, baada ya sala ya alasiri. Kuna msiba Dunda. Ofisi nzima itakwenda kuzika."

Sadallah aliisogeza redio karibu na sikio. Alikuwa amejibanza nyuma ya kiyoyozi cha ofisi, bisibisi mkononi, bastola ya Walther PPK kiunoni.

"Nani kafa?"

Redio ilikoroma kidogo.

"Bi Mwanaharusi binti Dadi. Pole, Mkizi. Ukitaka kwenda nenda, sitakulaumu. Ila hakuna mwingine anayeijua kompyuta hiyo."

Mama yake.

Redioni aliitwa Mkizi, lakini mwaka ule wa 1973 Bagamoyo ilimjua kama Kulwa, fundi viyoyozi kutoka bara. Sadallah wa Dunda alikuwa amekufa maji Pangani miaka kumi nyuma. Idara ya usalama ndiyo iliyomuua, kwa barua fupi iliyopelekwa kwa mama yake. Tangu arudi na ndevu zake, alikuwa amepita mlangoni kwa mama mara nyingi bila kupiga hodi hata siku moja. Alijiambia kazi ikiisha ataingia. Watu wa kazi ile hujidanganya hivyo, maskini.

"Nabaki," alisema, akaizima redio.

Ndani ya kompyuta ile, pamoja na hesabu za uvuvi, mlikuwa na njia zote za wapigania uhuru wa kusini: wanalala wapi, wanavukia wapi, lini. Wakubwa wachache tu ndio walioruhusiwa kuzisoma. Lakini mashine ilikuwa na upenyo. Programu ya kuchapisha ilifanya kazi kwa mamlaka ya mkuu wa mashine. Mtu wa chini akileta faili lake, ilikagua kwanza kama anaruhusiwa, ndipo ikaenda kulichukua. Mjanja angeweza kulibadilisha faili hapo katikati. Likakaguliwa lake la uvuvi, likachapishwa la siri.

Ujanja huo ulitaka foleni ya kuchapa iwe tupu. Dawa ya kuuziba upenyo nayo ilitaka mashine isiwe na mtu. Na ofisi ile haikuwahi kuwa tupu, kwa kuwa watu wa pwani hawaachi kazi kwa lolote isipokuwa maiti.

Adhana ilipoisha, wafanyakazi walivaa kofia, wakatoka wote.

Sadallah aliruka kwenye kiti cha mkuu. Alipachika mashineni utepe wenye programu ya kuziba upenyo. Programu mpya ingelishika faili kwanza, ndipo ilikague lilelile ililolishika.

Utepe ulizunguka polepole mno.

Nje zikaanza kusikika sauti. La ilaha illallah. Zilikuwa zinakuja mtaani, chini ya dirisha.

Jeneza lilipita juu ya mabega ya watu, wakipokezana hatua chache kila mmoja, maana kila mpita njia hutaka thawabu yake. Lilifunikwa kanga ya kijani. Sadallah alikishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili. Uchungu ulimpanda mpaka akauma ulimi. Ngazi ilikuwa fupi, angewafikia kabla hawajakata kona.

Utepe ulikuwa bado unazunguka.

Akamwona Haji, karani wa hesabu za uvuvi, akitia bega chini ya jeneza. Alilibeba kidogo, akampisha mwingine. Kisha akachepuka kichochoroni, akarudi.

Utepe ukasimama. Sadallah akajificha.

Haji aliingia akihema. Aligonga vibonye upesi, kama mtu aliyezoea. Mashine ikachapa. Akachana karatasi, akaisoma.

Dagaa wa Mlingotini. Faili lake mwenyewe la uvuvi.

Akajaribu tena. Dagaa.

"Wataendelea kuwa dagaa," Sadallah alisema, bastola ikimtazama Haji shingoni. "Upenyo umezibwa. Mnunuzi wako yuko wapi?"

"Kulwa? Wewe si fundi wa..."

"Yuko wapi?"

"Peugeot nyeupe. Njia ya Mlingotini. Usiniue, ndugu yangu!"

Sadallah alimfunga pingu kwenye mguu wa meza.

"Ulilibeba jeneza," alisema.

"Eeh?"

Sadallah alifungua redio.

"Peugeot nyeupe, njia ya Mlingotini. Karani mnaye hapa. Siri haikutoka."

"Hongera, Mkizi."

Alizima kabla hawajamwambia lingine.

Makaburini watu walikuwa wameshatawanyika. Mzee mmoja tu, Mwinyijuma, alikuwa akimwagia kaburi maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa, fundi."

"Kazi. Nani aliingia kaburini kumpokea?"

"Mimi na majirani. Ilikuwa haki ya mwanawe, lakini alikufa maji huko Pangani. Mama mwenyewe hakuamini mpaka anakufa. Kila akila aliacha sahani ya mwanawe imefunikwa."

Sadallah alitazama udongo mbichi. Alitaka kusema jina lake, mara moja tu, kwa sauti.

"Poleni na msiba, mzee," alisema.

"Tumeshapoa."

Akavaa miwani yake ya jua, akaenda zake.