Safari Ianze Jumanne

Namuun aliruka foleni ya kutolewa damu kwa makusudi kabisa, na angefanikiwa kama si sauti iliyomdaka kutoka nyuma.

"Dada, mkia wa foleni uko kule kwenye lifti. Au una ini la dharura?"

Ukumbi wa kliniki ya ini ulikuwa umefurika kama kawaida ya Ulaanbaatar, mji ambao kila ukoo una wake mwenye homa ya ini. Aligeuka, akamkuta kijana mrefu aliyekonda ndani ya koti la ngozi ya kondoo, macho yanacheka.

"Nachukua majibu ya baba tu."

"Pita basi, mrembo. Lakini utaninunulia chai ya maziwa."

Alinunua. Kwenye chai hiyohiyo, Tulga, dereva wa kreni, alimwambia bila kuzunguka kwamba ana saratani ya ini, kwamba uvimbe haukatiki kwa kisu, na kwamba anasubiri nafasi ya dawa mpya ya dripu inayouamsha mwili upigane wenyewe. Namuun alisikiliza, akaagiza sahani ya buuz, vidonge vya unga vilivyojazwa nyama, akamsogezea. Moyo ulikuwa umeshaondoka, angeurudishaje? Baridi kali ilipoingia, walikuwa wakiitana "wangu."

Simu ilikuja akiwa kwenye cherehani.

"Wangu, nimepata! Jumatano asubuhi. Vipimo vya damu vimekubali!"

Namuun alipiga kelele mpaka fundi mwenzake akadondosha mkasi. Jioni Tulga alipiga tena, na sauti haikuwa ileile.

"Mama ametoka hekaluni. Lama ameangalia nyota, anasema Jumatano ni mbaya kwa mtu aliyezaliwa mwaka wangu kutoka nyumbani. Nitaomba wiki ijayo."

"Na daktari anasemaje?"

"Nisipokwenda, nafasi anapewa mwingine."

"Na wiki ijayo ini lako litakubali?"

"Namuun, baba alitoka siku aliyokatazwa. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akarudishwa ndani ya sanduku. Nimwambie nini mama?"

"Basi kaa na mama yako!" Akakata simu.

Alijuta kabla simu haijapoa, ila kiburi nacho kina mikono, kikamzuia kupiga. Asubuhi akakuta ujumbe: *Nimekuelewa. Kuuguza ni kazi nzito, hukuzaliwa kwa ajili hiyo. Asante kwa yote.* Yaani alidhani amechokwa! Namuun alijichoma sindano, akatukana, akajichoma tena.

Siku ya Jumanne alikuja mteja mmoja na sanduku la safari. "Niwekee hapa mpaka Ijumaa, mwanangu. Ndege ni Ijumaa, lakini siku yangu njema ya kutoka ni leo. Sanduku likishatoka, nimetoka."

Namuun alimkodolea macho. Ujinga gani huu! Jambo analolijua tangu utotoni, watu wote wanalifanya, na hasira zilikuwa zimelifunika. Alivaa joho lake la kijani na mshipi wa rangi ya chungwa, akapanda mtaa wa mlimani kunakonuka moshi wa makaa, mpaka kwenye hema la Mama Dulam, mama yake Tulga.

Mama alimpa bakuli la chai kwa mikono miwili, bila tabasamu. Tulga alikuwa kitandani.

"Wewe si ulikata simu?" akasema.

"Nilikata simu. Nilisema nimekukata wewe?" Kisha akamgeukia mama. "Mama, lama alisema nini kuhusu leo?"

"Leo ni njema."

"Basi atoke leo. Safari ianze Jumanne. Kesho hatakuwa anatoka, atakuwa yuko njiani tu."

Makaa yalilia ndani ya jiko. Mama Dulam alikuwa akiuangalia uso wa binti huyu kama anayepima nyama sokoni.

"Atalala wapi?"

"Kwangu."

"Una vyumba vingapi?"

"Kimoja, mama."

"Majirani watasemaje?"

"Waseme, mama. Mradi yupo wa kusemwa."

 Mama akainuka, akachukua maziwa na upawa, akatoka nje. Tulga alipoteremka na begi lake, mama aliyarusha maziwa hewani nyuma yake, upawa baada ya upawa, kumwombea safari njema.

Jumatano walimtoa damu upya. Namba za ini zikiwa zimepanda, anarudishwa. Walikaa kwenye benchi, vidole vimeshikana mpaka vimeuma.

"Zikipanda?" Tulga akauliza.

"Nyamaza."

"Wangu, naogopa."

"Na mimi naogopa. Nyamaza hivyohivyo."

Muuguzi alitokeza kichwa. "Tulga! Njoo, tunakutundikia dripu."

Tone la kwanza lilipoteremka kwenye mrija, hakuna aliyejua kama dawa itafaa au itamchosha bure, hata daktari alisema ni mpaka wapige picha tena. Tulga alimpigia mama yake kwa mkono usio na sindano.

"Imeanza, mama."

Upande wa pili ilisikika pumzi ya mtu anayejikaza.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia. Mpe simu mkwe wangu."

Namuun aliipokea kwa mikono miwili. "Abee, mama," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomshinda.