Shimo Lisilo na Nzi

Mukashyaka na mume wake Théogène waliishi kwa mawe. Pembeni ya Goma, volkano ilimwaga mawe meusi mpaka mahali pakawa jangwa, bila mti wala jani. Théogène alichimba mawe ya kujengea nyumba. Mukashyaka alivunja kokoto kwa nyundo. Lori likija kubeba, walipata chakula.

Asubuhi moja Théogène aligundua shimo lenye mawe mazuri. Mukashyaka hakulipenda. Upepo haukuwepo hata kidogo. Nzi hawakuwepo. Chini walilala ndege watatu, hawana kidonda, kama wamesinzia.

"Papa Munezero," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "twende. Wenzako wote wanapaepuka hapa."

"Wanaogopa pepo," Théogène akacheka. "Mimi nawapa kitu yao." Akamwaga kikombe cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, ukingoni. "Sasa tumeelewana."

Akajifunga kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye jiwe la ukingoni, kama kila mchimbaji, akashuka akiimba. Akainama kushika jiwe. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Papa Munezero?"

Alikuwa amepiga magoti, paji la uso juu ya jiwe, kama mtu anayesali. Mukashyaka akatupa nyundo, akatia mguu shimoni.

"Toka hapo!" Alikuwa jirani yao Sidonie, anayefanya kazi kwenye ofisi inayochunga volkano. Alikuwa akipita na mashine ya kupima hewa. Akamkamata kitenge. "Ukishuka, watoto watabaki yatima leo. Vuta kamba!"

Walivuta mpaka viganja vikachubuka. Théogène akatoka kimya, midomo imebadilika rangi. Kisha akakohoa.

"Pepo wamekataa kasiksi yangu," akanong'ona.

"Gazi hainywi pombe, papa," alisema Sidonie. "Hii ni mazuku. Ni gazi, hewa ya sumu inayotoka ndani ya udongo. Huioni, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, inajaa mashimoni kama maji kwenye beseni. Uliposimama, kichwa kilikuwa juu yake. Ulipoinama, ukazama."

"Na jua likipanda, nirudi?" Théogène akauliza.

"Ee, huyu mutu! Asubuhi bila upepo ndiyo mbaya zaidi, lakini shimo hili usirudi saa yoyote. Ukiona ndege wamekufa chini, pita mbali. Mutoto usimulaze shimoni, hata jua likiwaka. Mutu akianguka, usimufuate. Mumuvute kutoka juu. Sasa twende hospitali."

Théogène alipopona, walihamia juu ya kilima, ambako upepo unapiga uso. Mawe ya huko ni magumu. Lori linajaa kwa siku nne, si mbili tena. Lile shimo walilizungushia mawe yaliyopakwa rangi nyekundu.

Wiki iliyofuata, Landry, dereva wa lori, aliruka yale mawe mekundu.

"Papa Théo, mali yote hii munaiacha? Tena kuku ya nani inalala hapa? Ngoja niichukue!"

Théogène alimkimbilia. Alimkamata shati kwa mikono miwili, akamrudisha hatua kwa hatua mpaka kwenye lori, na hakumwachia mpaka mlango ulipofungwa.