Thelathini Iliyokaa Katikati

Hadithi hii aliitoa kwanza Honorine Crovetto mwenyewe, mwaka 1961, jikoni kwake Monako, mbele ya watoto wake wawili. Hakuirudia tena.

Jioni moja ya Novemba 1934, kabla taa hazijawashwa, alimpelekea mumewe Sévérin chakula kasino. Sévérin alikuwa akizipima meza za ruleti kwa pimamaji kabla wachezaji hawajaingia, gurudumu lisilale upande hata kidogo. Nyumbani watoto walikuwa hoi kwa dondakoo. Daktari alishasema usiku huo ndio ungeamua kama watapona au watakufa.

Ukumbi ulikuwa kimya, Sévérin haonekani. Meza zimefunikwa mashuka. Honorine akatua kifurushi cha barbajuani, sambusa za mboga za kwao, bado za moto, juu ya meza ya kwanza.

Harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi...

"Umeweka," mtu akanong'ona.

Mzee alikuwa ameketi kando ya gurudumu, viganja wazi, kama mchezeshaji anayeonyesha kwamba hajaficha kitu.

"Mimi mzaliwa wa hapa, mzee. Sisi haturuhusiwi kucheza. Hata kuweka dau kwenyewe sikujui."

"Basi una mkono mwepesi." Akafunua shuka. "Ungegusa nyekundu au nyeusi, shufwa au witiri, ungelipwa sawa kwa sawa. Namba moja hulipa mara thelathini na tano. Kifurushi chako kimekaa juu ya mstari, umezishika mbili. Nane na kumi na moja."

Marius alikuwa na miaka minane. Rosine, kumi na mmoja.

"Itakayotoka, mwenye miaka hiyo nyumbani kwako namchukua."

"Naondoa changu."

"Umechelewa, bibie."

Gurudumu likaanza kuzunguka. Hakuna aliyeligusa.

Krrrrr...

"Mwanachuoni mmoja wa Paris," mzee akanong'ona, "alitaka gurudumu lizunguke milele bila kusukumwa. Kila likisimama, analia. Nikamwambia, mjinga wewe, utamu uko kwenye kusimama. Jumlisha namba zake zote. Mia sita sitini na sita."

Mpira mdogo ndani yake ukaruka. Ukaingia kumi na moja... ukatoka. Ukagusa nane... ukarudi.

Tak.

Thelathini. Kwenye kitambaa cha meza nane na kumi na moja zinapakana. Kwenye gurudumu, thelathini imekaa katikati yao.

Honorine akashusha pumzi. Si wangu.

Kisha akakumbuka Jumapili iliyopita. Keki, na Sévérin akipuliza mishumaa thelathini.

Kiti cha mzee kilikuwa kitupu.

"Baba Rosine?"

Alimkuta nyuma ya meza ya nne, amelala chali, pimamaji kifuani. Kiputo chake cha hewa kimetulia katikati kabisa.

Hakulia. Wafanyakazi wenzake walipokwisha kuubeba mwili, alilinyoosha shuka, akachukua kifurushi, akaenda nyumbani. Homa ilikuwa imeshuka. Watoto wakaomba chakula, akawapa barbajuani. Wakazila zote.

Honorine alifariki mwaka 1979. Rosine yu hai. Marius yu hai, na mpaka leo haweki kitu juu ya meza iliyofunikwa. Msiba wa yule mzee hakuna aliyewahi kuusikia.