Neno Moja la Kuazima

Mtu huanza kuwa mwizi wakati gani: anapokichukua kitu cha mwenziwe, au anapoulizwa akanyamaza? Valary alijiuliza swali hilo njia nzima kutoka kwao mtaani Lindi hadi Kawangware. Kila alipodhani amelipata jibu, kile kitu kilichokuwa mkobani kilimgonga ubavuni, na jibu likatoweka.

Jumamosi zake zote zilifanana. Aliamka mapema, akachota maji, akapiga deki chumba chao, kisha akamfuata mama yake, Kageha, aliyekuwa fundi wa nguo katika ploti ya vibanda na vyumba vya kupanga ya Mama Wangoi, eneo la Kawangware 46. Kibanda kilichopakana na chao kilikuwa cha Anti Lin, mwanamke kutoka Uchina aliyetengeneza vyerehani. Anti Lin alikuwa akijifunza Kiingereza kwa kamusi ndogo ya betri. Ukibonyeza neno, kamusi hulitamka kwa sauti nyembamba. Valary, mwanafunzi wa gredi ya sita, ndiye aliyekuwa mwalimu wake.

Kitenzi kilichowashinda wote wawili kilikuwa "borrow", pamoja na ndugu yake, "lend".

"Kichina, neno moja," Anti Lin alilalamika siku moja, kidole kimoja juu. "Jie. Wewe unachukua, jie. Mimi nakupa, jie. Kiingereza, kwa nini mbili?"

"Hata sisi tuna moja, Anti. Kuazima. Nikisema nimeazima kitabu, huenda nimekitoa, huenda nimekichukua."

Kageha alicheka hadi uzi ukamponyoka. "Basi Waingereza hawaaminiani hao!"

Jumamosi iliyotangulia hakukuwa na kicheko. Anti Lin alikuwa ameenda kununua vipuri na kamusi ilikuwa mezani. Valary alikuwa na insha ya Kiingereza ya kuwasilisha Jumatatu. Alingoja, saa nzima ikapita, Anti Lin asirudi, ndipo akararua karatasi na kuandika: "I have lent your dictionary. Valary." Aliamini ameandika kwamba ameichukua kwa muda na ataileta. Alimpita Mutie, mlinzi wa lango, ambaye watu wote walimwita Soja. Mutie alimfungulia na kumpa kipande cha hindi la kuchemsha, kama ilivyokuwa desturi yake.

Jumapili kamusi iliteleza kitandani, ikatumbukia katika ndoo ya nguo zilizolowekwa. Valary aliianika juani kutwa nzima. Kioo kiliwaka tena, lakini sauti ilikuwa imekufa. Hakumwambia mtu. Wiki nzima, kila simu ya mama yake ilipolia, alidhani ni Anti Lin anaiulizia.

Sasa, alipofika langoni, alimkuta Ciru, bintiye Mama Wangoi, amening'inia kwenye mlango wa mabati.

"Niaje, mwalimu wa Mchina! Umechelewa sinema. Soja anafutwa kazi leo."

Valary aliukumbatia mkoba wake. "Anafutwa kwa nini?"

"Si ile kamusi ya Anti Lin! Mathe wangu anasema lazima ni yeye aliyeiiba."

Uani watu walikuwa wamesimama nusu duara. Mutie alikuwa katikati, kofia mkononi. Anti Lin alishika karatasi ya Valary, ambayo mikunjo yake ilionyesha imesomwa mara nyingi. Kageha aliinuka kutoka kwenye cherehani, uso wake umejaa wasiwasi.

"Mimi nimesoma sana wiki hii," Anti Lin alisema polepole. "Kwanza nilidhani wewe unayo, utaleta Jumamosi hii. Sasa najua. 'Lend' ni kumpa mtu mwingine. Valary, kamusi yangu umepa nani?"

Valary aliitazama ile karatasi. Hakuwa amempa mtu! Hapo ndipo alipoelewa kosa lake: kitenzi alichokiandika kilikuwa kimemtengenezea mtu wa pili, mtu asiyekuwako.

"Usiogope, msichana wangu," Mama Wangoi alisema. "Soja alikuwa hapo langoni ukitoka. Alikuomba umwazime akaiuze, sivyo? Wewe inamisha kichwa tu, kwamba ni kweli. Hutapigwa."

Lilikuwa jambo jepesi kupita kiasi. Hakuhitaji hata kusema uongo. Uongo ulikuwa umekwisha kuandikwa, tena kwa mwandiko wake. Aliinamisha kichwa.

"Ngai! Mmeona?" Mama Wangoi aliwageukia watu. "Mutie, lete funguo. Na chumba ukiache leo hii."

"Mama Wangoi, mimi kamusi hiyo hata siwezi kuisoma," Mutie alisema. Mama Wangoi alimwonyesha lango, kwa hiyo Mutie akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya kiti chake pamoja na tochi na rungu. Kisha akamwona Kageha akimkamata bintiye mkono kwa ghadhabu.

"Mama Valary, mwache mtoto," alisema. "Huoni anatetemeka?"

Maneno hayo yalimchoma Valary kuliko kofi. Alifungua mkoba na kuitoa kamusi.

"Sikumwazima mtu!" alilia. "Niliichukua mimi. Nilitaka kuandika 'borrow'. Ikaanguka majini, nikaogopa. Soja hajui chochote!"

Watu wote walimgeukia. Hata Ciru aliacha kutafuna chingamu.

Anti Lin aliipokea kamusi, akabonyeza neno, akaisogeza sikioni. Hakuna sauti. Machozi yalimlengalenga, naye akaifunika kwa viganja viwili.

"Nimekukosea, Mutie," Mama Wangoi alisema hatimaye, akimrudishia funguo mwenyewe mkononi. Haikuwa rahisi kwake. Alisema huku akitazama tochi.

Mutie aliinama hadi macho yake yakakutana na ya Valary. "Sikiza, mwanangu. Kamusi ulikuwa umeiazima bila ruhusa, na hilo ni kosa. Lakini ulipoinamisha kichwa, hapo ndipo wizi ulipoanza. Ulikuwa unaniibia kazi na jina langu."

"Nisamehe, Soja."

"Nimekusamehe. Woga hushika kila mtu. Ila usimwachie mwingine aubebe wako."

Anti Lin alipangusa kioo kwa upindo wa shati. "Lugha yangu na yako, neno ni moja," alisema. "Neno halisemi nani anatoa, nani anachukua. Basi mtu lazima aseme. Mwenyewe. Kwa mdomo."

Kageha aliuachia mkono wa bintiye. "Umesikia. Sasa utafanya nini?"

Valary alifuta machozi. Alimtazama kila mmoja wao: mama yake, Anti Lin, Mama Wangoi, na Mutie aliyekuwa akivaa kofia yake.

"Kila Jumamosi, kuanzia leo, nitamsomea Anti Lin maneno kwa sauti yangu, mpaka kamusi yake itakapotengenezwa," alisema. "Na Jumatatu nitamwambia mwalimu kwamba ile insha niliiandika kwa kamusi niliyoichukua bila ruhusa."