Nani Kamjibia Claudia Barua ya Chuo?

"Asante kwa kutujulisha kwamba hukubali nafasi yetu. Tumeshampa mwombaji mwingine. Tunakutakia kila la heri."

Nilisoma nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Chai yote ikaishia kwenye kibodi.

Nikavaa miwani, nikasoma tena.

HAKUBALI?!

Nani kasema hakubali?!

Jamani, ilikuwa tarehe kumi na tatu Aprili, saa mbili asubuhi.

Kwa msionijua, naitwa Frednand. Nina steshenari pale njia panda ya Nyakanazi, katikati ya gesti na mama wa chapati. Diploma ya ualimu ninayo, tumbo ninalo, nywele sina. Watu wanakuja kwangu kutoa kopi, kuchapa barua na kulalamika. Kulalamika ni bure.

Ila hiyo barua haikuwa ya mteja.

Ilikuwa ya Claudia Niyonkuru, binti wa dada yangu Adelfina wa Mbuba. Baba yake alifariki Claudia akiwa darasa la nne, tangu hapo mzee wake ni mimi.

Claudia anafundisha Historia sekondari huko huko Mbuba. Digrii ya pili anayo. Alikuwa anatafuta chuo cha kusomea udaktari wa historia ya kale. Si Majimaji, hapana. Ya kale kwelikweli, ya watu waliokufa mpaka waliowazika nao wakasahaulika!

Siku moja aliniuliza:

"Mjomba, maji yanayopita chini ya daraja la Rusumo yanaishia wapi?"

"Kwa Wahaya, wanayaogea."

"Yanaingia ziwani, yanatoka yanaitwa Nile, yanapita Meroe, mji wa kale kule Sudan. Kulikuwa na malkia pale. Waliacha maandishi, mpaka leo tunaweza kuyatamka lakini hatuelewi mengi yanasema nini."

"Kama mke wangu akikasirika. Namsikia vizuri, simwelewi hata kidogo."

Alicheka. Lakini macho yake yalikuwa mbali, kule kwa malkia.

Miaka miwili alikuwa anaomba vyuo. Aliomba sita. Vitatu vikakataa. Kimoja kikakaa kimya mpaka leo, labda na chenyewe kimekuwa historia ya kale.

Viwili vikasema njoo.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, jina lake hata madereva wa semi wanalijua. Ila hakikuwa na mtu wa Meroe. Walitaka kumpeleka kwa Warumi, na ufadhili wenyewe nusu.

Cha pili kilikuwa kadogo, mji wa baridi ambao hata ramani inausahau. Lakini pale kuna profesa mmoja, mama wa makamo, maisha yake yote ni Meroe. Ufadhili kamili, miaka minne.

"Nenda kikubwa," nikamwambia. "Mimi nitasemaje hapa Nyakanazi? Mpwa wangu yuko chuo gani? Watu hawakijui hicho!"

"Mjomba, sichagui jina. Nachagua mtu wa kumuuliza swali akanielewa."

Akachagua kadogo. Mwisho wa kujibu ulikuwa tarehe kumi na tano Aprili.

Sasa Mbuba kwao simu inaongea, ila intaneti mpaka upande kilima. Na yeye alikuwa anasimamia mitihani. Neno la siri la barua pepe yake nilikuwa nalo mimi. Barua ya hicho kadogo ya kusema njoo ilipoingia, tarehe nane, nikampigia.

Akapiga kelele mpaka sikio likaniuma!

"Mjomba, waandikie tu kwamba nimepokea. Tarehe kumi na tatu nakuja dukani najibu mwenyewe."

"Sawa mama. Nitawaandikia vizuri."

Nikawaandikia. Vizuri.

Na sasa, tarehe kumi na tatu yenyewe... nafasi haipo!

Kichwa changu kikaanza kuzunguka kama feni mbovu. Nani amegusa kompyuta yangu?

Nikakumbuka.

DANSTAN!

Danstan Bukuru ni mchumba wake. Fundi wa tairi za malori pale Benaco. Siku tatu nyuma alikuja kunichapishia... samahani, mimi kumchapishia cheti cha kuzaliwa cha Claudia, cha paspoti. Nikamwacha peke yake kwenye kompyuta, nikaenda kula ugali. Nusu saa nzima!

Na nani anaumia Claudia akiondoka miaka minne? Nani anabaki na harusi kwenye kalenda?

Sikufunga hata duka vizuri. Nikapata lifti kwenye semi ya Mayunga, Msukuma mmoja mteja wangu.

"Mzee, mbona umenuna hivyo? Unakwenda msibani?"

"Naenda kuusababisha."

Akazima redio. 

Benaco nilimkuta Danstan amechuchumaa, mtaimbo mkononi, tairi la semi mbele yake. Madereva wamekaa kwa Zita, mama ntilie wa pale, wanakula wali maharage.

"Shikamoo, mjomba."

"Shikamoo yako kaa nayo! Umemwandikia nini profesa?"

Akaweka mtaimbo chini.

"Nakuuliza! Umeona mwenzako anapanda, wewe umebaki na viraka, ukaamua umshushe?"

Madereva wakaacha kutafuna.

Jamani, hapa ndipo naandika huku uso unaniungua.

Danstan alizaliwa hapo hapo Benaco mwaka tisini na nne, kwenye kambi ya wakimbizi. Wazazi wake walivuka daraja na mkeka mmoja. Ni jambo ambalo kwetu mtu mwenye adabu halitaji mbele za watu.

Mimi nikalitaja.

"Tulikupa binti yetu, mtu wa mahema wewe! Asiye na kwao hajui kumtakia mwenzake mema!"

Zita akaweka upawa chini.

"Frednand! Mzee mzima! Meza hayo maneno!"

Sikumeza. Nikampiga kofi.

Yule kijana ana mikono inayong'oa tairi la semi kama wewe unavyomenya ndizi. Angeweza kunikunja akanitia kwenye rimu. Aliinama akaokota kofia yake iliyodondoka, akaifuta vumbi.

"Nisamehe, mjomba," akasema.

Mnaona? Amekiri! Mbele ya mashahidi!

Nikapanda pikipiki mpaka Mbuba, kifua mbele.

Nilimkuta Claudia amekaa kibarazani kwa mama yake, rundo la mitihani mapajani. Hasahihishi. Kalamu imefungwa. Macho mekundu.

"Usilie mama. Nimemkomesha."

"Nani?"

"Danstan! Ndiye aliyekataa chuo kwa jina lako. Nimempiga kofi na amekiri mwenyewe."

Claudia akaniangalia... akaniangalia...

"Mjomba, kaa chini."

"Sikai, nina hasira."

"Kaa."

Nikakaa. Akanipa simu yake. Alfajiri alikuwa amepanda kilima, akaiona barua kabla yangu. Akaenda kwenye barua zilizotumwa. Tarehe tisa, saa nne asubuhi.

Ilikuwa kwa Kiingereza changu cha diploma. Nawawekea kwa lugha yetu:

"Mheshimiwa Profesa, barua tumeipokea. Kwa sasa hatujakubali. Binti huyu anatakwa na wengine pia, tena wakubwa kuliko nyinyi. Tutalitazama. Kama mnamtaka kweli, rudini tena."

Nilisoma neno kwa neno. Kila neno nikalijua kama mwanangu.

Maana yalikuwa yangu...

MIMI.

Subirini, msinitukane kwanza. Nisikilizeni.

Mimi ndiye msemaji wa ukoo. Nimewasemea mabinti kumi na mmoja walipoposwa. Na kwetu watu wakija kuposa, huwezi kukubali siku ya kwanza! Ukikubali siku ya kwanza inaonekana binti alikuwa anawalemea. Unawaambia hapa hakuna binti, mmepotea njia. Wanarudi. Unawaambia kuna wengine wamewahi. Wanarudi tena, na pombe zaidi na maneno matamu zaidi. Ya tatu ndipo unacheka, unamwita binti.

Hata akina Danstan niliwarudisha mara mbili! Mara ya pili mvua inanyesha!

Ndiyo heshima. Ndivyo binti anavyopanda thamani.

Nikadhani na profesa atarudi.

Profesa hakurudi. Alisoma kilichoandikwa, akamshukuru mwandishi, akaita anayefuata kwenye foleni.

"Nilikuambia uandike nimepokea," Claudia akasema taratibu. "Neno moja, mjomba."

Sikuwa na utani. Nilitafuta mfukoni, moyoni, kila mahali. Sikuwa nao.

Halafu nikakumbuka kofi.

"Lakini Danstan ameomba msamaha... kwa nini aombe?"

"Nilimpigia saa kumi na mbili asubuhi nikiwa kule kilimani, nalia. Nikamsomea yote. Alijua ni wewe kabla hujapanda gari."

"Sasa si angesema!"

"Mbele ya madereva? Aseme, mjomba, ni wewe umemharibia mpwa wako? Mkwe anamvua nguo mzee wa mke wake sokoni?"

Adelfina alikuwa mlangoni muda wote. Dada yangu mkimya. Alisema kitu kimoja tu.

"Na ulimwambia nini kingine, Frednand? Zita kanipigia."



Mchana ule ule tulipanda kilima, mimi na Claudia. Aliandika kwa profesa kueleza kila kitu. Na mimi nikaongeza mistari yangu, nikasema kosa ni la mzee mmoja wa Nyakanazi, desturi zake za posa na mdomo wake.

Kesho yake, siku moja kabla ya mwisho, chuo kikubwa kilikuwa bado kinasubiri jibu.

"Chukua hicho basi," nikambembeleza. "Claudia, usikose vyote kwa ajili yangu."

"Nikakae miaka minne na mtu asiyejua ninachouliza?"

Akawaandikia. Nilikuwa nachungulia. Sentensi moja: asanteni, sitakuja. Jina lake. Basi.

Ndipo nikajua hapana inavyoandikwa.

Jibu la profesa lilikuja siku ya tano. Alisema ameisoma barua yetu mara mbili. Alisema amesikitika, kwa sababu alikuwa anamngoja. Lakini nafasi ni moja, yule mwombaji mwingine amekwisha kukubali na hawezi kumtoa. Akamwambia aombe tena Desemba, ataisoma mwenyewe, ila haahidi kitu.

Claudia alifunga simu. Jumatatu akaingia kidato cha pili, akafundisha.

Harusi? Kalenda ilitolewa ukutani. Hakuna aliyeniambia sababu, na mimi sikuwa na mdomo wa kuuliza.

Mwezi uliopita nikachukua dumu la pombe ya ndizi, ile nzuri ya Mbuba, nikaenda Benaco. Nilichagua siku ya soko, saa ile ile, madereva wako kwa Zita wanakula. Kama nilimvunjia heshima mbele za watu, sikuwa na haki ya kumwomba radhi gizani.

Danstan alikuwa amechuchumaa kwenye tairi.

"Shikamoo, mjomba."

"Danstan, leo usiniamkie. Simama tu, unisikilize."

Akasimama. Nikavua kofia. Kipara kikawaka jua lote la Benaco, wala hakuna aliyecheka.

"Niliwaambia watu hawa kwamba umemharibia Claudia. Nilisema uongo. Aliyeharibu ni mimi. Na nilikuita jina ambalo sikupaswa kumwita mtu. Wewe una kwenu. Kwenu ni hapa, na kwangu ni kwenu, ukiniruhusu."

Zita alikuwa anafuta macho na kona ya kanga. Dereva mmoja alikuwa ameshika kijiko hewani.

Nikaweka dumu chini mbele yake.

Danstan alijifuta mikono kwa kitambaa cha grisi. Kidole kimoja kimoja. Aliangalia dumu. Aliniangalia mimi.

"Tumesikia, mjomba," akasema. "Tutalitazama. Rudi tena."

Akachuchumaa, akaendelea na tairi.

Ndugu zangu, maneno yale yale! Yangu!

Nilisimama pale nikimchungulia usoni, natafuta kacheko hata kadogo, ka kuniambia mzee tunacheza, ni adabu tu, ya tatu tutakubali. Aliinamisha uso. Gari nililopanda lilipoondoka niligeuka kuangalia. Dumu lilikuwa pale pale chini. Hakuna aliyeligusa.

Mkinisoma hapa, mtu akikuambia neno lake lipeleke kama lilivyo, usilivishe suti. Ukitaka kusema ndiyo, sema ndiyo. Si kila mlango unaoufunga kwa heshima una mtu wa kubisha mara ya pili. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, fungua kwanza zile ulizotuma wewe.

Desemba Claudia anaomba tena. Neno la siri amebadilisha, na amefanya vizuri.

Mimi Jumamosi hii narudi Benaco na dumu la pili. Sijui kama ile ya Danstan ilikuwa hapana ya adabu au hapana yenyewe.

Sasa najua yule profesa alikaaje na barua yangu mkononi.