Niliapa kwa Niaba ya Nyumba Yangu

Nina miaka arobaini na mitatu, mama wa mtoto mmoja. Naishi Masii, ambako nina kichumba sokoni cha kupigia watu taipu. Hadi leo nikiona watu wamesimama kwa duara uwanjani, huketi chini papo hapo nilipo mpaka watawanyike... Wanaonijua hudhani ni ugonjwa. Si ugonjwa, wasomaji wenzangu. Ni woga, na leo nitawaeleza ulikotoka.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa kibarua katika chuo kikuu kimoja nje kidogo ya mji wa Machakos. Kazi yangu ilikuwa gazeti la chuo. Kila wiki nililipiga taipu kwenye stensili, nikazungusha mashine ya kurudufisha mpaka mkono ukafa ganzi, kisha Ijumaa asubuhi nikaligawa ofisi kwa ofisi.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa wakubwa na wageni wao. Katikati kulikuwa na shughuli zinazokuja: mahafali, mihadhara, mechi, safari za basi la chuo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wetu sisi wa chini, wapishi, madereva na wafagiaji, na uliandikwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo palipotangazwa marupurupu, nani kafiwa, nani kajaliwa mtoto.

Nilikuwa natangaza marupurupu ya wengine. Mimi mwenyewe, kibarua, sikuwa na hata moja! Nyumba tuliyoishi ndani ya chuo na matibabu yetu vyote vilitoka kwa mume wangu Mutiso, dereva wa basi. Kulikuwa na sentensi moja niliyoipiga mara nyingi hadi vidole vikawa vinakwenda vyenyewe: mfanyakazi akifutwa, nyumba na matibabu hukoma siku hiyo hiyo.

Nilimpenda Mutiso. Alikuwa mcheshi, mwenye mikono mizuri, na binti yetu Mwende, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia nasari, alimfuata kila mahali. Ningeomba nini zaidi ya hapo?

Sasa sikilizeni. Wafanyakazi wa chini walikuwa na chama chao cha ustawi, na chama kilikuwa na hema kubwa, jenereta na spika. Mtu akifiwa, chuo hutoa basi na chama hutoa vifaa hivyo. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kilonzo, mpishi mkuu, mtu wa maneno machache. Vitu hivyo vilikuwa vimewazika wazazi wa watu wengi pale. Hakuna aliyeviona kama mali tu.

Ndipo mfagiaji mmoja, Kalekye, akafiwa na mama yake. Siku ya maziko stoo ya chama ikafunguliwa... tupu! Kufuli nzima, haijaguswa. Mvua ikanyesha huko kwao Wamunyu, jeneza likalowa mbele ya watu, Kalekye akajaribu kulifunika kwa leso yake. Alirudi kazini akashika ufagio wake, na kumtazama akifagia kulituumiza kuliko kilio.

Wiki iliyofuata Mzee Kilonzo aliingia ofisini kwangu akafunga mlango.

"Ndinda, andika hivi," aliniambia. "Mkutano maalum wa chama, Jumamosi asubuhi, nyuma ya uwanja wa mpira. Kila nyumba itoe mtu mmoja."

Nikamuuliza niandike ajenda gani.

"Wewe piga tu," akasema.

Nikaelewa. Kila Mkamba anajua. Walikuwa wanaleta kithitu.

Kwa wasiokijua, hicho ni kiapo cha wazee wetu. Unapiga kwa kijiti kitu kilichofungwa, ukisema maneno unayotamkishwa. Ukiapa uongo, kinaanza kula nyumba yako, na mara nyingi huanza na wadogo. Mimi ni mtu wa kanisa, mwimba kwaya. Mchungaji alitufundisha kwamba hayo ni mambo ya giza. Lakini muulizeni Mkamba yeyote wa kanisa kama anaweza kukipita kithitu bila kugeuza uso...

Jioni nilimweleza Mutiso. Kijiko kilisimama hewani, kisha akaendelea kula.

"Jumamosi niko na safari," alisema bila kuniangalia. "Napeleka wanafunzi. Utasimama wewe kwa niaba ya nyumba."

Safari? Mimi ndiye niliyepiga taipu safari za wiki ile! Jumamosi haikuwa na safari. Basi lilikuwa limepangiwa kupumzika. Maneno yalinifika kwenye ulimi, nikayameza. Nilijiambia safari za ghafla hutokea. Nilijitia hamnazo, kwa sababu kujua kungeniumiza.

Jumamosi tulisimama kwa duara, tukiacha wazi upande ule upepo ulikoelekea, maana hakuna aliyetaka kupulizwa na hewa ya kile kitu. Mzee aliyekileta hakusalimia mtu. Kalekye alitangulia kuapa, kisha mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilikishika kijiti kwa mikono miwili.

Nikatamkishwa, nikatamka: kama ni mimi, au yeyote aliye chini ya paa langu, aliyechukua vitu vya maziko, kithitu hiki kinile mimi na walio wangu. Nikapiga. Sauti yangu ilisikika vizuri. Mimi ni mwimbaji.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mwende anacheza mlangoni. Nikamkumbatia mpaka akalalamika.

Gazeti lilitoka tena kama kawaida, lenye habari za mahafali na wageni waheshimiwa. Kabla halijatoka lingine, Mwende alipata homa. Zahanati ya chuo ikampa dawa ya malaria. Homa ikapanda, shingo ikakakamaa, mtoto akawa analia akiguswa hata nywele. Tukakimbizwa hospitali mjini, akachomwa sindano ya mgongoni, na daktari akaniambia ni homa ya uti wa mgongo. Alilazwa kwa sababu baba yake alikuwa mfanyakazi wa chuo. Kitanda kile, dripu ile, kila kitu kilikuwa marupurupu ya Mutiso.

Habari ilienea chuoni kabla sijaiandika popote. Wenzangu waliokuwa wakija ofisini kunywa chai wakawa wanachukua gazeti kupitia dirishani. Jirani niliyemwazima kinu alikirudisha akakiacha nje. Hakuna aliyenitukana. Waliniogopa tu, na mimi nikaanza kujiogopa.

Na Mutiso je? Alifika kwenye geti la hospitali kila jioni lakini wodini haingii. Eti harufu ya dawa inamsumbua. Siku moja nilimfuata nje. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za basi, jasho linamtoka na jua limeshapoa.

Nilimuuliza swali moja tu, kama ni yeye aliyechukua vitu vya maziko, huku nikimwomba Mungu akanushe. Hakukanusha.

Alikuwa na mwanamke Masinga, anayekodisha mahema kwenye harusi. Mutiso ndiye aliyekuwa akibeba vifaa vya chama kwa basi, kwa hiyo ufunguo wa stoo ulipita mikononi mwake kila mara, akauchongesha mwingine. Hema lililowafunika marehemu wetu lilikuwa linafunika bibi harusi wa watu huko Masinga, na faida walikuwa wakila wawili! Na mimi... mimi alinisukuma mbele ya kithitu nikaapie uongo wake, mtoto wake akiwa chini ya paa hilo hilo.

"Asi, Mutiso," ndilo neno pekee lililonitoka, neno letu Wakamba la mshtuko.

Nilimwambia twende sasa hivi kwa Mzee Kilonzo, aseme, kiapo kiondolewe. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Mama Mwende, fikiria. Nikisema nafutwa kazi. Nikifutwa, matibabu inaisha siku hiyo hiyo. Unataka mtoto atolewe kwa kitanda?"

Ile sentensi yangu! Ile niliyoipiga hadi vidole vikaizoea, sasa ilikuwa inanirudia kinywani mwa mume wangu.

Wasomaji, mnaielewa hofu yangu? Nikinyamaza, kiapo nilichokula kwa kinywa changu kinammaliza mwanangu. Nikisema, mwanangu anakosa dawa. Nilirudi wodini nikaketi, nikamwangalia akipumua. Kila pumzi ilipochelewa, moyo wangu ulisimama nayo. Nilisali, kisha nikashindwa kujua ninamwomba Mungu aniokoe na nini, ugonjwa au ulimi wangu.

Nilifikiria kwenda kwa wakubwa wa chuo. Nilijua wangeunda kamati, na kamati ingeketi mwezi mzima. Mwende hakuwa na mwezi.

Basi Alhamisi niliketi mbele ya taipu. Nilipiga kurasa zote, mahafali, mihadhara, mechi. Nikafika ukurasa wa mwisho, ule wetu sisi wa chini, nikaandika: "Jumamosi asubuhi, nyuma ya uwanja wa mpira, mke wa dereva Mutiso atayaondoa maneno aliyoapa. Hakujua. Hema, jenereta na spika viko Masinga. Kila nyumba itoe mtu mmoja."

Ijumaa nililigawa mwenyewe, ofisi kwa ofisi, wino ukiwa haujakauka vizuri. Mzee Kilonzo alinikuta njiani, gazeti mkononi.

"Ndinda, umejichoma," alisema.

"Mtoto ni wangu, Mzee," nikamjibu.

Kabla ya saa za chakula Mutiso alikuwa ameshafutwa, na kazi yangu ikaenda pamoja na yake. Jioni watu wa chuo wakaja kuifunga nyumba. Nilikimbilia hospitali nikijua nitamkuta mtoto wangu benchini... Badala yake nilimkuta kitandani mwake, na kando yake ameketi Kalekye, leso ile ile kichwani. Chama kilikuwa kimekutana jikoni wakakubaliana kuubeba mzigo wa hospitali mpaka apone. Nilipiga magoti mbele ya Kalekye. Aliniinua, akaniita mama kwa Kikamba: "Inuka, mwaitu. Mama yangu alinyeshewa. Huyu asinyeshewe."

Jumamosi nilisimama tena katika duara nikayaondoa maneno yangu. Nilitapikishwa, nikaoshwa, mbuzi akachinjwa. Vifaa vilirudishwa kutoka Masinga na wakati huo huo Mutiso akahamia huko. Hakuwahi kuniomba radhi. Sijui alipo siku hizi, na sitaki kujua.

Homa ya Mwende ilishuka wiki hiyo. Alifungua macho, akaomba uji. Nililia kwa furaha, nikamwita jina lake nikiwa nyuma yake, namkorogea uji huo. Hakugeuka. Nikaita tena. Nikadondosha kijiko kwenye sakafu ya saruji, wodi nzima ikageuka... yeye hakugeuka.

Daktari alinieleza kwamba homa ile huharibu masikio, na kwamba dawa ilichelewa kidogo. Ninamwamini. Wazee nao wananiambia kithitu kilikuwa kimeshaanza, na nilipotubu kikaachia. Mchana namwamini daktari. Lakini nikimwita mwanangu kwa kujisahau, naye akaendelea na shughuli zake, hofu ile ya uwanjani hunirudia yote.

Mwende sasa ni msichana mkubwa. Alisoma shule ya viziwi, anapiga taipu haraka kunishinda, na wateja wanampenda. Aliponiuliza kwa mikono ilikuwaje akawa hasikii, nilimweleza yote, hata safari ile ambayo haikuwepo kwenye gazeti. Yeye akaniuliza nilikuwa na sauti ya namna gani.

Nawasihi wasomaji wenzangu, hasa kina mama. Mpende mume, mpende ndugu, mpende rafiki, lakini usiape kwa niaba yake. Akikwambia kuna safari na wewe unajua hakuna, muulize hapo hapo, hata kama chakula kitapoa. Mimi sikuuliza, na ile sauti niliyoapa nayo, mwanangu hatakaa aisikie.